Bibi, mguu hauna kiwiko

Shangazi yangu aliteleza bafuni alfajiri ya Ijumaa, akaangukia upande wa kulia. Kufika saa tatu asubuhi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu katika hospitali moja ya Dar es Salaam, buibui limemfunika mpaka chini, soksi nene miguuni kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Muuguzi, kijana mpole tu, akamuuliza panapouma. "Kiwiko, mwanangu. Cha kulia." Kijana akaandika kwa Kiingereza, kama fomu zetu za hospitali zinavyoandikwa, kisha akatuelekeza chumba cha picha.

Kule ndani mtaalamu wa eksirei akaisoma fomu.

"Bibi, nyoosha mkono hapa juu ya meza."

"Mkono wangu una nini?"

"Fomu inasema kiwiko."

"Kiwiko cha mguu, mwanangu."

"Bibi, mguu hauna kiwiko."

Shangazi hakujibu. Alipandisha pindo la buibui, akavuta soksi, akaonyesha fundo la mguu lililofura kama danzi. Yule mtaalamu akacheka, mimi nikacheka, shangazi peke yake hakucheka. Amezaliwa na kulelewa Unguja. Miaka sabini na kitu ameishi akiwa na viwiko vinne, viwili mikononi na viwili miguuni, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa viwili havipo.

Niliporudi nyumbani nilitoa kamusi. Ile ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutoka mwaka 1939 inampa shangazi haki yake: kuna kiwiko cha mkono na kuna kiwiko cha mguu. Tena kiwiko cha mkono kwa maana hiyo ya zamani si pale mkono unapokunjika katikati. Ni pale kiganja kinapoungana na mkono, mahali pa kuvalia saa na bangili. Mtoto wangu wa darasa la tano, aliyekuwa akinichungulia begani, akapinga papo hapo. Kwao shuleni kuna chati ukutani, na mshale wa kiwiko umegota pale pale anapoegemeza mkono juu ya dawati akisinzia.

Basi hapo pa kuegemezea panaitwaje na wengine? Jirani yetu mzaliwa wa Mombasa alijibu bila kufikiri: kisukusuku. Vitabu vya zamani vinaongeza kivi, na vinaongeza jina ambalo lilinifanya nisome mara mbili: kisigino cha mkono. Ukilitazama kwa utulivu utaona lina akili zake. Kisigino cha mguu ni ile ncha ngumu unayokanyagia kwa nyuma, na kisigino cha mkono ni ile ncha ngumu unayoegemea kwa nyuma. Waliotumia majina haya hawakuwa wakibandika jina moja kwenye kiungo kimoja. Waliona kuwa mkono na mguu vimeumbwa kwa mfano mmoja, wakavipa majina ya mfano mmoja, halafu kile kijineno "cha" kikafanya kazi ya kutenganisha. Kifundo cha mkono, kifundo cha mguu. Kidole cha mkono, kidole cha mguu. Kosa la yule muuguzi halikuwa ujinga wa lugha. Alijifunza Kiswahili ambacho "cha mguu" imeshakatwa, na shangazi naye, kwa maumivu, hakuitamka mpaka alipoulizwa mara ya pili.

Tusidhani mambo haya ni ya Unguja na Dar es Salaam tu. Pandisha na pwani kuelekea kaskazini na uso wa binadamu unaanza kubadilika. Kule Mombasa, kwa wanaosema Kimvita cha nyumbani, jicho ni jito na macho ni mato, kichwa ni kitwa. Ukifika Lamu ile j ya mwanzo nayo inadondoka, linabaki ito. Hili si suala la watu kutamka ovyo. Ni kanuni inayofanya kazi kama saa: palipo na ch ya Unguja, mara nyingi kaskazini utakuta t inayotamkwa ulimi ukigusa meno. Chini ni tini, mchanga ni mtanga. Ndiyo maana mgeni kutoka bara anapomsikia mama wa Mombasa akisema mtoto "ateka", hudhani amekwenda kisimani, kumbe mtoto anacheka tu. Mama mwenyewe hachanganyikiwi. Kwake t ya meno na t nyingine ni sauti mbili mbalimbali, ila herufi zetu ndizo maskini. Vuka bahari hadi Komoro, ambako lugha ni ndugu wa Kiswahili, na macho yanakuwa matso.

Lamu ndiko nilikopata neno ninalolipenda kuliko yote katika safari hii ya vitabuni. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu huko Unguja, alichapisha kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870. Katika orodha ya maneno yake kuna "ito la guu". Jicho la mguu. Ndicho kile kifupa cha pembeni kinachotokeza kwenye fundo la mguu, cha mviringo, kinachotazama nje kama jicho hasa. Ukivua kiatu sasa hivi utaliona. Nilipomsimulia shangazi, alilitazama la kwake, wakati huo likiwa limezama ndani ya uvimbe, akasema, "Langu limefumba."

Kanuni hiyo ya ch na t ina mwenzake: nj ya Unguja huwa nd kaskazini. Njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Ukiziweka pamoja kanuni zote mbili, kuchinja kunakuwa kutinda, na ndivyo wasemavyo Mombasa mpaka leo: kutinda kuku, kutinda mbuzi. Sasa nenda saluni yoyote ya Kariakoo au Mwanza, uwaulize mabinti wanafanya nini na ule wembe juu ya macho. Watakwambia wanatinda nyusi. Msusi aliyezaliwa Shinyanga, ambaye hajaiona bahari, analitumia neno la Waswahili wa kale la kukata, na analitumia mahali pamoja tu pa mwili, juu ya jicho, kwingine kote hana habari nalo. Mwambie atinde kuku na atakushangaa.

Mwili umejaa masalia ya namna hii. Kila harusi ninayohudhuria lazima mtu asimame awaombee maharusi waishi kama chanda na pete. Mwaka juzi nilikaa meza moja na bwana harusi mtarajiwa, nikamuuliza chanda ni nini. Alifikiri ni sanduku la kuhifadhia pete. Chanda ni kidole, na kwa wenyewe wa Mombasa na Lamu si methali, ni neno la kila siku: vyanda vitano vya mkono. Lina ndugu yake aliyepotea zaidi, wanda, wingi wake nyanda, ambao ni upana wa kidole kimoja ukitumika kama kipimo.

Nami naomba nikae kidogo kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo mwili wa Mswahili ulipokuwa duka zima. Kabla ya futi na mita, mtu alipima kwa alichozaliwa nacho. Ukitandaza kiganja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shibiri. Ukiishia kidole cha shahada, kile anachokiinua Mwislamu katika swala akishuhudia, ni futuri. Kutoka kisukusuku hadi ncha ya kidole cha kati ni mkono mmoja, au dhiraa kwa waliopenda Kiarabu. Mikono miwili ni wari. Mikono minne ni pima, yaani urefu wa mtu aliyekunjua mikono yote miwili kama anayekaribisha mgeni, na wavuvi wengi hadi leo wanahesabu kamba na kina cha maji kwa pima. Ukinunua kitambaa enzi hizo ulikuwa na kila sababu ya kutafuta muuzaji mrefu. Mfumo huu uliwalazimu watu kujua mwili kwa kina. Ulihitaji kujua kwa jina kiganja kinaishia wapi, kigasha, yaani ile sehemu kati ya kisukusuku na kiganja, kinaanzia wapi. Siku hizi tunasema "mkono" na kumaliza, kuanzia bega hadi kucha, halafu tunalalamika kwamba Kiswahili hakitofautishi. Kinatofautisha. Sisi ndio tuliochoka kutofautisha.

Salia jingine ni tama. Sote tunasema fulani ameshika tama, na sote tunajua amekaa kwa huzuni. Tama ni shavu. Hakuna anayesema ameumwa na nyuki kwenye tama. Neno limebaki na kazi moja, ya kushikwa.

Maneno haya yalipoteaje? Jibu fupi ni kwamba kulikuwa na mashindano na Unguja ikashinda. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitunga kamusi kubwa iliyoegemea Kimvita, ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Steere alikuwa ameshatangulia na Kiunguja. Serikali za kikoloni zilipotaka Kiswahili kimoja cha shule zote, uamuzi ulifanyika katika mkutano wa mwaka 1928, na lahaja ya Unguja ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa. Mji ulipika biriani ya harusi ya mwenzake. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, vitabu vya shule vikaanza kupitia mikononi mwake, na mato yakawa macho kwa mamilioni ya watoto ambao nyumbani hawakusema mato wala macho, bali neno la Kisukuma, la Kikamba, la Kiganda.

Sioni haja ya kulia juu ya hilo. Lugha ya nchi nne au tano inahitaji tahajia moja, na mtu wa Kigoma na mtu wa Kilifi wanapaswa kusoma kijitabu kimoja cha dawa. Ninachokilalamikia ni kitu kidogo zaidi: tulipochagua neno moja, tuliyaita mengine makosa. Steere hakufanya hivyo. Aliweka herufi moja kando ya neno, A kwa neno la Amu, yaani Lamu, M kwa la Mombasa, akaendelea na safari yake. Mwanafunzi alijua neno ni la nani.

Na hasara haiko kwenye ushairi tu, japokuwa washairi ndio wanaopiga kelele zaidi. Hasara iko kwenye benchi la zahanati. Chukua chembe cha moyo, au chembe ya moyo kama wengi wanavyosema. Ni pale katikati, chini ya kifua, mbavu zinapoachana, juu ya kitovu. Mtu mwenye vidonda vya tumbo hushika hapo hapo na kusema chembe ya moyo inamuuma. Ndani ya jina hilo umo moyo, lakini moyo wenyewe haumo. Daktari aliyelelewa na lugha hii anajua mara moja aulize habari za chakula, pilipili na dawa za maumivu. Aliyejifunza udaktari wake wote kwa Kiingereza na Kiswahili chake kwa chati ya ukutani atasikia moyo, na atatafuta moyo. Kinyume chake kipo pia na ni cha hatari zaidi: mzee mwenye shida ya moyo hasa anayeambiwa akapumzike, ni tumbo tu.

Maungo ni mtego mwingine. Kwa mtu wa bara ni viungo. Kwa watu wengi wa pwani yanaweza kuwa mgongo, yanaweza kuwa mwili mzima. "Maungo yaniuma" inaweza kuwa homa, inaweza kuwa baridi yabisi, inaweza kuwa uti wa mgongo. Kumponya huyu kunaanza na swali moja, "Wapi, mama? Nionyeshe kwa kidole." Haligharimu kitu.

Halafu kuna kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, kinachoonekana ukimwambia mtoto aseme "aaa". Kitabuni ni kimio. Wengine wanakiita kilimi, ulimi mdogo. Jina lake tamu kuliko yote ni kidakatonge, kinachodaka tonge kabla halijashuka. Sehemu nyingi za nchi yetu kikohozi cha mtoto kisichoisha hutiwa kwenye hesabu ya kinyama hiki, na mtoto hupelekwa kwa fundi wa mtaani kukikata. Wahudumu wa afya wanalipiga vita jambo hili miaka nenda miaka rudi, kwa sababu watoto huvuja damu na kupata maambukizi. Mama akifika kliniki akasema "mtoto ana kilimi", yuko hatua moja kutoka kwa yule fundi. Muuguzi asiyelijua neno atampa dawa ya kikohozi na kumuaga. Anayelijua atamkalisha chini wazungumze.

Maneno ya adabu nayapita haraka, maana gazeti hili linasomwa mezani. Nitataja mawili tu. Tako limekuwa tusi kwa wengi wetu kiasi kwamba tumejitengenezea makalio, kutokana na kukalia, neno safi lisilo na historia. Lakini huyo huyo anayeona haya atakaribisha wageni wakae kitako, na askari atakwambia habari za tako la bunduki bila kupepesa jicho. Maziwa nayo, kwa mama wa pwani, ni matiti yenyewe na si kinachotoka tu, hivyo "ziwa laniuma" si habari za Victoria wala Tanganyika.

Haki lazima itendeke kwa upande wa bara pia, kwa sababu waandishi wa pwani tuna tabia ya kuandika kana kwamba lugha hii imekuwa ikichakaa tangu ilipopanda treni. Wazee wa Unguja hukemea: mdomo ni huu wa nje, wa ndani ni kinywa. Bara wameufanya mdomo kuwa vyote, na wanaelewana, isipokuwa kwa daktari wa meno, ambaye kibao chake bado kinasema "afya ya kinywa na meno" kwa heshima ya wazee wale. Pwani nyoyo, bara mioyo. Sijaona mtu aliyepata shinikizo la damu kwa sababu ya wingi wa moyo. Na kule Kongo, kuanzia Kivu hadi Lubumbashi, utasikia mukono, muguu, mugongo, silabi ya kwanza ikitamkwa yote. Wapo wanaoicheka. Hilo ndilo umbo kongwe la kiambishi, na sisi tunaosema m peke yake ndio tulioila ile u njiani.

Kwa hiyo nina maombi mawili, yote madogo. La kwanza ni kwa wanaochapa chati za mwili wa binadamu za shule za msingi: chini ya kila neno pana nafasi tupu. Andikeni jina la pili kwa herufi ndogo, na mahali linakosemwa. Kisukusuku, Mombasa. Ito la guu, Lamu. Mtoto wa darasa la tano hatachanganyikiwa. Ataenda nyumbani kumuuliza bibi yake. La pili ni kwa wanaowafundisha wauguzi na madaktari: kabla kijana hajaenda mafunzo kwa vitendo, mkalisheni asubuhi moja na wazee watano wa mtaa ule, wavue viatu, wakunje mikono ya nguo, wamtajie kila kiungo chao kwa jina wanalolitumia. Aandike. Hakuna bajeti inayohitajika zaidi ya chai na maandazi.

Shangazi alikutwa na ufa kwenye mfupa, akafungwa plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, kwa wiki sita. Ameshavuliwa, anatembea, anakwenda sokoni mwenyewe. Kadi yake ya kliniki mpaka leo imeandikwa mkono.